Saa 1 ikasomeka saa 7: herufi za kalamu kwenye kadi ya harusi

Swali: *Shikamoo mwalimu. Nina stationari ndogo hapa Dodoma, jirani na soko la Majengo. Natengeneza kadi za mchango, za sendofu, za harusi na za kipaimara. Wateja karibu wote wanataka ile fonti ya kujiviringa, kama imeandikwa kwa kalamu. Mwezi uliopita mmoja alirudi analalamika kwamba wageni wake walishindwa kusoma jina la mahali na wengine wakakosea saa. Mwingine aliniletea faili la kadi iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya Apple ya shemeji yake kwa Zapfino. Nikilifungua kwangu herufi zinageuka za kawaida kabisa. Je, niachane na fonti hizi? Kama siachi, nitumie ipi na wapi? Halafu kuna mama anayefungasha mvinyo, naye anataka lebo ya chupa kwa herufi hizo hizo.*

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Fonti hizo usiziache, zipunguzie mzigo tu. Kwenye kadi ya harusi zipe majina ya maharusi na, ukipenda, neno moja la juu kama "Mwaliko" au "Karibu". Siku, saa, ukumbi, namba za simu na namba ya kutuma mchango, vyote hivyo viandike kwa herufi za kawaida zilizosimama wima. Mimi mpaka huo siuvuki hata mteja akinibembeleza.

Niliufahamu kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza kadi za harusi ya mtoto wa dada yangu, na kwa kutaka kadi nzima ilingane nikaandika kila kitu kwa fonti moja ya kalamu, pamoja na "Saa 1:00". Ile 1 ilikuwa na kimkia cha juu kilichorudi nyuma kirefu, kikapinda mwishoni. Wazee waliotoka Mpwapwa walifika ukumbini saa 7 mchana, jua la mwezi wa kumi, wakakuta vijana bado wanafunga vitambaa. Walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwarobaini mpaka jioni. Bibi mmoja alinishika mkono, akaniwekea kadi mbele ya macho, akauliza: "Mwanangu, hii si saba?" Niliitazama. Ilikuwa saba. Mimi niliiona moja kwa sababu niliiandika mwenyewe. Tangu siku hiyo saa naiandika kwa herufi za wima, na neno "usiku" au "mchana" halikosekani pembeni yake.

Sasa tuzitazame herufi zenyewe, maana ukijua zilikotoka utajua zinaweza nini. Chukua neno "Karibu" kwenye kadi yako, likuze kwenye kioo cha kompyuta mpaka herufi moja ijae kioo kizima. Utaona kila mstari unaoshuka ni mnene, na kila unaopanda ni mwembamba kama unywele. Hiyo ni tabia ya kalamu. Ncha kali iliyopasuliwa katikati, ukiikandamiza wakati wa kushuka, miguu yake miwili inatanuka na wino unapita mpana. Ukiilegeza wakati wa kupanda, miguu inafunga na kuacha uzi tu. Mkono nao unalalia kulia, ndiyo maana herufi zinainama, na mwinamo uliozoeleka katika mwandiko huu ni kama digrii 55 kutoka kwenye mstari unaouandikia. Fonti ni picha ya mkono huo ukiwa safarini. Msomaji anaipenda kwa sababu anauona mwendo, na anapata shida kuisoma kwa sababu hiyo hiyo.

Mwandiko wa ncha kali ulishamiri Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, mikononi mwa walimu wa mwandiko waliofundisha makarani wa biashara. Mchongaji George Bickham alikusanya kazi za walimu 25 wa namna hiyo, akazichonga kwenye mabamba ya shaba na kuzichapisha London sehemu kwa sehemu kati ya 1733 na 1741. Chombo cha kuchongea shaba kinaweza kutoa mstari mwembamba kushinda kalamu yoyote, na wembamba huo uliokithiri ndio tunaourithi kwenye fonti nyingi za harusi leo. Bickham Script ya Richard Lipton, iliyotolewa na Adobe mwaka 1997, imechukua jina lake hapo. Snell Roundhand, aliyoichora Matthew Carter katika miaka ya 1960, imetokana na mwandiko wa Charles Snell, mwalimu mwingine wa London wa enzi hizo. Ilimsaidia Carter kwamba uchapaji ulikuwa umeanza kutumia picha badala ya vipande vya madini ya risasi. Kwenye risasi kila herufi ni kipande chake, na sehemu nyembamba inayochomoza kwenda kumshika jirani ilikuwa rahisi kukatika.

Kuna ukoo mwingine, wa ncha bapa. Hapa unene unatokana na upande wa ncha uliogusa karatasi, kama ukichora kwa kipande cha mbao kilichokatwa sawasawa. Mwandiko wa Kiitaliano ulikuwa hivyo. Ludovico degli Arrighi alitoa kitabu cha kuufundisha huko Roma mwaka 1522. Herufi zake haziinami sana, nyingi hazishikani, na zinasomeka kwa urahisi zaidi. Monotype Corsiva, ambayo pengine unayo tayari kwenye kompyuta yako, ni ya ukoo huu. Za brashi, kama Mistral ya Roger Excoffon ya mwaka 1953, ni za saluni na maduka ya nguo, leo siziingii.

Zapfino aliyokuletea mteja wako inastahili maneno yake. Mwenyewe ni Hermann Zapf, Mjerumani aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1918, aliyejifunza kaligrafia, sanaa ya mwandiko mzuri, peke yake kwa vitabu. Wakati wa vita aliwekwa kwenye kazi ya kuchora ramani. Mwaka 1944 aliandika ukurasa mmoja wa mwandiko kwenye daftari lake la michoro, na ukurasa huo ndio uliokuja kuwa Zapfino mwaka 1998, zaidi ya miaka 50 baadaye. Teknolojia za katikati hazikuweza kubeba mikia mirefu namna ile, wala kumpa mwandishi sura zaidi ya moja ya kila herufi. Hilo la sura nyingi ndilo uzuri wake mkubwa. Mtu anayeandika kwa mkono hawezi kurudia "a" ileile mara tano, na Zapfino ilitoka ikiwa na alfabeti nne ili nawe usirudie. Ila mikia yake inadai nafasi. Ukipanga mistari miwili kwa kuachanisha kama ulivyozoea, mkia wa "y" wa juu unachoma kichwa cha "k" cha chini, na hapo uzuri wote umekwisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo lililokuangusha. Unapochagua fonti, unaitazama kwenye sampuli, na sampuli imetengenezwa kwa maneno ya lugha za watu wengine. Mchoraji amejitahidi kwenye Q yenye mkia unaozunguka, kwenye "th", "ff" na "ll" zilizofungwa pamoja kwa ustadi. Kiswahili hakina q wala x, na ni mara chache tunaandika konsonanti mbili zinazofanana zikiongozana, kama kwenye "mmoja" na "nne", au kwenye majina kama Hassan. Kwa hiyo sehemu kubwa ya madoido uliyoyapenda hutayatumia kamwe. Sisi tunahitaji vitu vingine, na hivyo ndivyo vya kupima.

Anza na "kwa". Andika pia "Bwana", "Mwaliko wa Harusi", "watu". Katika mwandiko wa kuunganisha, "w" inamalizia juu, wakati herufi nyingi zinamalizia chini kwenye mstari. Herufi inayofuata inabidi iipokee huko juu. Fonti nzuri ina kitanzi kidogo kinachovuka kwenda kwenye "a" bila kusita. Fonti iliyofanywa kwa haraka inaacha upenyo, au mstari unaingia "a" tumboni ikaonekana kama "o". Sisi "wa" tunaiandika kila baada ya maneno mawili, kwa hiyo kasoro hiyo itajirudia kadi nzima. Kisha tazama mwisho wa maneno. Maneno ya Kiswahili, ukiacha machache tuliyoazima, yanaishia na irabu. Fonti nyingi zina sura maalumu za mwisho wa neno, mkia unaotoka na kupunga hewani, na mara nyingi zimewekwa kwenye "d", "n", "r", "s" na "t". Uliza ina mikia ya mwisho ya a, e, i, o na u? Kama "a" ya mwisho haina mkia wake, jina la bibi harusi litakatika ghafla pale ambapo jicho lilitegemea kalamu iondoke taratibu.

Ndipo uandike majina ya hapa kwetu. Mimi nina orodha yangu ya mtihani, na nakupa. Andika Mvumi. Ni herufi tano, lakini kwenye ncha kali yenye mwinamo, "vumi" inakuwa msururu wa mistari mifupi inayofanana, huoni wapi "u" imeisha na "m" imeanza. Waandishi wa Kilatini wa zama za kati walikutana na taabu hiyo hiyo, na ndiyo iliyowafanya waanze kuiwekea "i" alama juu. Kwenye fonti zetu nukta hiyo mara nyingine imesogezwa mbali kwa ajili ya mbwembwe. Ikisogea, Mvumi imepotea. Andika Ihumwa na Ipagala. I kubwa ya mwandiko wa mkono hufanana mno na J, na mgeni anayetoka Singida hana namna ya kubahatisha. Andika Zuzu: kuna fonti ambazo Z yake ni 3 kamili. Andika Kizota uone kama K haijawa H. Mwisho andika Ng'hong'honha, kata yetu ya kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Jina lina alama mbili za ng', na kila alama inakata muungano: mkia wa "g" unapanda ukitafuta herufi ya kuishika, unakuta alama, halafu "h" inaanza upya peke yake. Kwenye fonti nyingi ile alama inapotea katikati ya vitanzi, na mtu asiyeijua kata hiyo hataweza hata kumuuliza bodaboda. Fonti ikifaulu orodha hii, ninunulie na mimi nakala. Mpaka leo sijaipata inayofaulu yote, ndiyo maana majina ya mahali nayaandika kwa herufi za wima.

Majina ya maharusi ni jambo jingine, kwa sababu msomaji anayajua kabla hajafungua bahasha. Amechangishwa miezi mitatu, yumo kwenye kundi la WhatsApp la kamati, anamfahamu mama wa bwana harusi. Hasomi jina, analitambua. Hapo mwachie kalamu icheze. Na ile "&" kati ya majina mawili usiidharau; kwenye fonti hizi ndiyo alama iliyopewa mapambo mengi kuliko zote, na inakaa vizuri zaidi ikiwa kubwa, peke yake, kwenye mstari wa katikati.

Kuna makosa manne ninayoyaona kila wiki kwenye kadi za mjini, na nadhani hayakosekani kwako. La kwanza ni kuandika jina lote kwa herufi kubwa. Herufi kubwa za kalamu zilichorwa kuongoza herufi ndogo. Zikipangwa tano mfululizo zinagombana, kila moja na kilemba chake, na hakuna anayesoma. Wateja wanadai herufi kubwa kwa sababu wanaona ni heshima kwa majina. Waonyeshe zote mbili kwenye karatasi, watakubali wenyewe. Mengine ni ya mkono wako: kuachanisha herufi ili neno lijaze nafasi, ambako kunakata ile mishikano, kulivuta neno kwa upana, ambako kunaharibu uwiano wa mnene na mwembamba, na kuweka kivuli au mpaka kuzunguka herufi, ambako kunaziba matundu ya "a" na "e".

Kuhusu uchapaji, jihadhari na mistari myembamba. Pointi moja, kipimo cha ukubwa wa herufi, ni kama milimita 0.35. Jina la pointi 14 kwenye fonti ya ncha kali lina mistari ya kupanda iliyo chini sana ya hapo, na ukiliweka kwa dhahabu juu ya karatasi ya maruni, nusu ya herufi inamezwa na rangi. Majina ya maharusi mimi siyashushi chini ya pointi 30 nikitumia fonti hizi, na yakiwa marefu nayapanga juu na chini badala ya kuyabana. Kumbuka pia kwamba kadi nyingi siku hizi zinatangulia kwa simu kabla ya karatasi. Kioo cha simu kina upana wa sentimita saba hivi, na picha ikishapita kwenye WhatsApp imebanwa, mistari myembamba ndiyo ya kwanza kuondoka. Kabla ya kuprinti zote, printi moja, mpe mtu asiyewajua maharusi, jioni, chini ya taa ya kawaida ya nyumbani, umwambie asome kwa sauti. Akisita mahali, pabadilishe.

Sasa kwa nini Zapfino imegeuka kwako: fonti haisafiri ndani ya faili kama la Word au PowerPoint isipokuwa mtu ameagiza iingizwe. Faili linabeba jina la fonti tu. Zapfino inakuja na kompyuta za Apple. Ya kwako ya Windows inalisoma jina, haiikuti, inaweka nyingine. Mwombe shemeji wa mteja akupe PDF yenye fonti ndani yake, au ageuze herufi ziwe michoro kabla ya kutuma. Usimwombe akunakilie fonti yenyewe, kwa kuwa leseni yake inakwenda na ile kompyuta. Nawe ukipeleka kazi kwenye mashine ya ofseti, fanya vivyo hivyo, ila tunza faili la mwanzo; herufi zikishakuwa michoro huwezi tena kurekebisha jina lililokosewa, na jina kukosewa kwenye kadi ya harusi si jambo la kuomba radhi mara moja.

Za kununua kwa sasa huhitaji. Great Vibes ya Robert Leuschke inapatikana bure Google Fonts, na leseni yake ya wazi inakuruhusu kufanya nayo biashara. Kwa majina ya maharusi ndiyo ninayoanza nayo. Pinyon Script ya Nicole Fally ina utulivu zaidi, nzuri kwa vyeti na kadi za kipaimara. Tangerine ya Toshi Omagari ni ya mtindo wa Kiitaliano, nyepesi na safi, ila mwili wa herufi zake ndogo ni mfupi, kwa hiyo ikuze kuliko unavyodhani. Ukiwa na Microsoft Office pengine unayo Edwardian Script ya Ed Benguiat ya mwaka 1994, nayo ni nzuri sana ikiwa kubwa. Zile unazozipakua kwenye tovuti za kugawana, soma kwanza karatasi ya leseni inayokuja nazo. Nyingi zimeandikwa kwamba ni za matumizi binafsi tu, na kadi unayoiuza si matumizi binafsi.

Kwa mama wa mvinyo mkubalie, maana chupa na herufi za kalamu vinapatana, na mkoa wa zabibu kama wetu unastahili lebo nzuri. Mpe jina la mvinyo tu kwa kalamu. Ujazo, kiwango cha kilevi, viambato na anwani viende kwa herufi za wima, na mvinyo mwekundu usiuwekee mistari ya unywele kwa rangi ya dhahabu, kwa sababu chupa yenyewe tayari ni giza. Kama jina bado halijaamuliwa, mwonyeshe "Makutupora" limeandikwa kwa kalamu: M ya kufungulia, "k" na "t" zinapanda, "p" inashuka, "a" ya mwisho inaondoka na mkia wake. Neno limepangika lenyewe. Shida itakuwa mviringo. Chupa ya mililita 750 ina kipenyo cha sentimita saba na kitu, na mtu aliyesimama mbele yake haoni hata nusu ya mzunguko. Herufi za kalamu ni pana, zinapenda kukimbilia pembeni, kisha mnunuzi anabaki na "kutupo" mbele yake. Mwambie aje na chupa yenyewe, tupu, uizungushie karatasi uliyoprinti, urudi nyuma hatua tatu, ndipo ukate lebo ya kwanza.